Sura Haitoshi

Wengi wetu tumezoea kumtambua kiumbe kwa sura yake. Kwa ng'ombe na mbuzi mazoea hayo hayana madhara. Kwa vijidudu vya malale yanaweza kuua.

Kijidudu cha malale, tripanosoma, kina seli moja tu. Mbung'o akinyonya damu ya mnyama mwenye vijidudu hivyo, huingia tumboni mwake, hubadilika umbo, kisha huhamia kwenye tezi za mate, tayari kumwingia mwingine. Viko vinavyodhuru mifugo tu, na viko vinavyoua watu, vilivyopewa jina la rhodesiense mwaka 1910. Lakini ukivitazama kwa darubini, huwezi kuvitenga.

Tofauti imo katika jeni. Damu ya binadamu ina protini inayoua vile vya mifugo. Rhodesiense vina jeni iitwayo SRA, ambayo huvikinga na protini hiyo. Kazi ya jeni hiyo ilijulikana mwaka 1998. Mwaka huo huo malale yalizuka Soroti, Uganda, na uchunguzi ukaonyesha kuwa yalihusiana na ng'ombe walioletwa mnadani kutoka penye ugonjwa. Wataalamu walipotafuta SRA katika damu ya ng'ombe wa huko, waliikuta. Ng'ombe mwenye afya machoni pa mnunuzi alikuwa amebeba kifo cha mtu.

Jambo hili latuhusu sisi wa Nyaishozi. Karagwe ni nchi ya ng'ombe na minada, nasi hatuko mbali na mapori ya Burigi, Rumanyika na Ibanda, yaliyofanywa hifadhi za taifa mwaka 2019.

Kwa maoni yangu, ng'ombe yeyote atokaye penye mbung'o hana budi kuchomwa sindano ya dawa kabla ya kuuzwa, na maabara za mkoa zipime jeni, zisitegemee darubini peke yake.

Mtu aweza kusema kwamba kipimo hicho ni ghali. Ni kweli, lakini si lazima kupima kila ng'ombe. Kupima wachache katika kila mnada kungetuonya mapema, na onyo ni rahisi kuliko mazishi.

Nasi wanafunzi tusitosheke kuchora umbo la kijidudu daftarini. Tuulize pia kimebeba nini ndani yake.