TAHARIRI: Baina ya Alasiri na Magharibi

Kengele ya mwisho ya shule inapolia, wanafunzi wa sekondari humiminika barabara kuu ya Arusha na Moshi, toka Usa River na Makumira hadi Maji ya Chai. Mwalimu amemaliza kazi yake, mzazi bado yuko sokoni au shambani. Baina ya alasiri na magharibi, kijana huyu ni wa nani? Tusipomchukua sisi, kijiwe kitamchukua.

Tangu Januari 2016 Serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne, watoto wa wanyonge nao wameingia sekondari. Hilo ni jambo la kheri. Lakini mtoto aliyesomeshwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi hukabidhiwa kidato cha kwanza vitabu vya Kiingereza. Mwenye uwezo humlipia mwanawe masomo ya ziada. Asiye nacho humwachia Mungu, ilhali Mungu ametuamrisha tufanye sababu.

Wapo waliofanya. Katika kijiji cha Imbaseni, jirani na Makumira, Pete O'Neal na mkewe Charlotte walianzisha mwaka 1991 kituo cha jamii kiitwacho United African Alliance Community Center. O'Neal alikuwa kiongozi wa Black Panther mjini Kansas City. Aliikimbia Marekani, akapitia Algeria, akafika Tanzania mwaka 1972. Mkimbizi huyo hakungoja kwanza apate jengo la fahari. Kituo kilianzia nyumbani kwao, na vijana wa vijiji vya jirani wakafundishwa bure Kiingereza, kompyuta na sanaa. Hatusemi kila somo la huko lihamishiwe msikitini. Tunasema: ikiwa mgeni aliweza kuufungua mlango wa nyumba yake, sisi wenyeji tunashindwaje kuufungua wa madrasa?

Misikiti yetu mingi ina vyumba. Katika safu zetu za swala wamo walimu wastaafu, wahasibu na wanafunzi wa vyuo vikuu. Kinachokosekana ni uamuzi. Kila kamati ya msikiti na ianze na siku tatu kwa wiki: hisabati, Kiingereza, na darasa la akhlaqi linalojibu maswali ya rika hilo badala ya kuwakemea tu. Mabinti wapangiwe nafasi na walimu wao, wasisahauliwe. Mahudhurio yaandikwe, na hesabu za michango zisomwe mbele ya jamaa kila mwezi.

Mtume (s.a.w.) alituhimiza kuuthamini ujana kabla ya uzee. Mara nyingi tunawasomea vijana mafundisho hayo, tukisahau kwamba yanatuhusu na sisi tulioshika funguo. Ijumaa ijayo, kabla ya kujadili rangi ya mnara, kamati zetu zijiulize: chumba kipi kitafunguliwa, na nani atafundisha?

Wabillahi tawfiq.