Tuongee kwanza nyumbani

Mwenzetu mmoja, mwalimu, ameitwa kuwa mkurugenzi wa shule ya msingi iliyo mbali na kwake. Kazi anaitaka, lakini mtoto wake angali ananyonya. Katika mkutano wengine tulisema akubali, wengine akatae. Tulipomwuliza kama ameongea na bwana wake, alinyamaza.

Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya bwana ili afanye kazi. Tangu 2016, inataka wote wawili wapatane. Kupatana si kuruhusiwa tu. Nani atabaki na mtoto? Nani atateka maji na kupika? Tumemwomba mwenzetu aulize hayo nyumbani kabla hajajibu.