Siku ya Mwisho Si Siku ya Kuanza

"Haraka haraka haina baraka." Neno hili twalisikia kila mwaka, majira ya maombi ya mikopo ya vyuo vikuu, nalo husemwa na watu wazima wenye heshima zao. Mtoto aja na fomu mkononi, ataka sahihi, mzee amjibu, "Mbio za nini, mwanangu? Siku zipo." Sisi walimu twapenda kusema wazi ya kuwa methali hiyo yatumiwa vibaya. Wahenga waliisema juu ya kazi iharibikayo kwa pupa, hawakuisema ili iwe blanketi ya mvivu. Tena ni wao hao waliotuachia hii: Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Wako wanaodhani ya kuwa kuomba mkopo ni kazi ya asubuhi moja. Sivyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, hupokea maombi kwa njia ya mtandao, nayo hutangaza siku ya kufungua na siku ya kufunga. Lakini kabla ya siku hiyo karatasi sharti zipite mikono mingi. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi aonyeshe cheti cha kifo, nacho kihakikiwe vile vile. Kisha fomu ipigwe chapa, mwombaji atie sahihi, na mdhamini atie yake. Kiongozi wa kijiji au mtaa agonge muhuri. Hakimu au wakili aliye kamishna wa viapo ashuhudie. Baada ya hayo yote ndipo irudishwe mtandaoni.

Basi hesabuni wenyewe. Siku ya mwisho iliyotangazwa ni moja, walakini kila mkono katika hiyo mikono una siku yake ya mwisho, nayo ni ya mapema zaidi. Mtu akikaa na karatasi wiki moja, hakukaa na wiki yake. Amekaa na wiki ya wale watakaomfuata.

Tulimjua binti mmoja, yatima wa baba, aliyefaulu vema kidato cha sita. Alitujia zimebaki siku 4. Cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho. Cheti cha kifo cha baba hapana. Marehemu alizikwa, matanga yakaondolewa, wala hapana mtu katika ukoo aliyekwenda kuandikisha kifo. Tangu mwezi wa tatu binti alikuwa akimsihi baba yake mdogo aende wilayani, naye akajibu atakwenda baada ya mavuno. Kweli alikwenda, na cheti kikapatikana, lakini mlango ulikwisha fungwa. Mahindi yale yaliliwa yakaisha. Mwaka wa binti haukurudi.

Twajua mtajibu nini. Mtasema, "Bodi huongeza siku." Ni kweli, iliwahi kuziongeza, lakini ni nani ajengaye nyumba juu ya hisani asiyoahidiwa? Mtasema, "Mtandao ni mbovu." Naam, na huwa mbovu zaidi siku zile za mwisho, kwa kuwa wachelewaji wote husongamana mlangoni pamoja. Mtasema, "Mtendaji hayupo ofisini." Hilo nalo latokea, nasi hatumtetei. Muhuri ule si mali yake; amekabidhiwa kwa ajili ya watu, na amwambiaye mtoto "njoo kesho" mara 3 bila sababu amemdhulumu. Lakini mwenye kwenda mapema akimkosa leo, ana kesho. Mwenye kwenda siku ya mwisho hana.

Wala sisi walimu hatujitoi katika lawama. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa tano. Wengine wetu hungoja hata matokeo yatoke, ndipo twawaambia wanafunzi habari za vyeti. Habari hizo zapasa kusemwa kidato cha tano. Na mwanafunzi akituletea karatasi tuzitazame, tusiziache mezani zikaliwa na vumbi.

Basi, wazazi wenzetu, fungueni makasha yenu juma hili, msingoje kutangaziwa. Asiye na cheti cha kuzaliwa cha mtoto aanze safari ya kukitafuta. Cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki na cheti cha kumaliza shule ya msingi humsaidia kuthibitisha. Tazameni kama jina la mtoto katika cheti ndilo lililo katika mitihani yake, maana herufi moja iliyokosewa yaweza kuleta taabu ya majuma mengi. Aliyefiwa aandikishe kifo angali akikumbuka tarehe. Mtakayemwomba kuwa mdhamini, mwambieni sasa, aweke kitambulisho chake tayari.

Hatuwaombi fedha, wala elimu kubwa. Twawaomba sahihi itiwe siku ile iombwapo. Mtoto amekesha miaka kwa taa ya kibatari ili afaulu. Ni aibu kwetu akikosa chuo kwa karatasi iliyolala chini ya mto wa baba yake.