Nyumba ya Mkristo: Huruma Yataka Zamu



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za jirani asiye na makao. Si habari za mtu wa mbali. Ni za mzee alalaye barazani mwa duka, za mjane ambaye nyumba yake iliangushwa na mvua, na za kijana aliyefukuzwa na ndugu zake kwa sababu ya ugonjwa. Hawa twawajua. Twapita karibu nao tukienda kanisani, na tukirudi twapita tena.

Wala hatusemi kwamba Wakristo wetu hawana huruma. Huruma wanayo. Tazameni siku nyumba ya mtu inapoungua: kabla jua halijachwa huyu ameleta unga, yule mkeka, mwingine blanketi, watoto wameleta kuni, na uwanja umejaa watu. Lakini rudini baada ya majuma matatu. Uwanja ni mtupu, unga umekwisha, wala hapana ajuaye kama mwenye msiba alikula jana. Kila mtu adhani mwenzake amekwenda. Je, ni moyo uliopungua? Sisi twaona siyo. Kilichopungua ni zamu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1617, katika mji mdogo wa Châtillon, nchi ya Ufaransa, palikuwa na padre jina lake Vincent de Paul. Alizaliwa mwaka 1581 katika nyumba ya wakulima, na utotoni alichunga mifugo ya baba yake. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, alipokuwa akijitayarisha kwa Misa, aliletewa habari kwamba katika nyumba moja iliyo mbali na nyingine watu wote ni wagonjwa, wala hapana wa kuwapa hata maji. Alipohubiri akawaeleza watu habari hiyo, nao wakaguswa mno. Baada ya sala ya jioni akashika njia aende mwenyewe. Lo! Njia nzima imejaa wanawake, hawa wanakwenda na hawa wanarudi. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali, wengine walikuwa wamekaa kando ya njia wakipumzika.

Mtu mwingine angalifurahi tu na kumshukuru Mungu. Vincent alifurahi, walakini alifikiri pia. Aliona kwamba leo wagonjwa wale wana chakula kingi kuliko wawezavyo kula, na kingine kitaharibika. Na kesho kutwa watakuwa na njaa kama kwanza. Siku chache baadaye akawakusanya wanawake kadha wa mji ule, wakapatana kwamba kila mmoja atashika siku yake. Hata tarehe 8 Desemba mwaka ule ule chama chao kikasimamishwa rasmi, pamoja na kanuni zake zilizoandikwa.

Kanuni hizo zafaa zijulikane na kila nyumba, kwa maana zinasema mambo madogo ambayo wakubwa huyasahau. Mwenye zamu hupika chakula na kukipeleka mwenyewe. Aingiapo humsalimu mgonjwa kwa uso wa furaha. Humtandikia kitambaa, humwekea bakuli na kijiko na mkate, humnawisha mikono, husali naye, kisha humsaidia kula. Fedha za chama huwekwa katika sanduku lenye kufuli mbili, funguo zake zimeshikwa na watu wawili, na hesabu hutolewa. Tena yameandikwa maneno ambayo sisi hatuwezi kuyasoma upesi upesi: mwenye zamu aanze kwa wagonjwa walio na watu wao, na amalizie kwa wale walio peke yao, ili apate kukaa nao zaidi.

Tazameni hekima hiyo. Aliye na watu wake, chakula humtosha. Aliye peke yake ana njaa mbili, ya chakula na ya mtu wa kusema naye. Ukianza kwake, utamwacha upesi kwa kuwa wengine wanakungoja. Ukimaliza kwake, hapana kitakachokuharakisha.

Tena zamu si ya jirani wa karibu tu. Vita vilipoiharibu nchi ya Lorraine, watu wengi walipoteza nyumba zao na mashamba yao. Kuanzia mwaka 1639 Vincent aliwapelekea msaada. Bradha mmoja, Mathieu Regnard, alibeba fedha hizo katika njia zilizojaa askari na wanyang'anyi, naye alikwenda na kurudi zaidi ya mara 50. Si safari moja ya kusifiwa, bali hamsini na zaidi. Kadhalika mwaka 1833, huko Paris, mwanafunzi Frédéric Ozanam, mwenye umri wa miaka 20, aliungana na wenzake wachache kuwazuru maskini nyumbani mwao. Hawakujua kazi hiyo. Wakafundishwa na sista mmoja, Rosalie Rendu, aliyezijua nyumba za maskini wa mtaa wake. Chama chao walikiita kwa jina la Vincent, na leo kimeenea katika nchi zaidi ya 100.

Sasa turudi kwetu. Wengine watasema, "Sisi nasi ni maskini, tutatoa nini?" Haya, tuhesabu pamoja. Jumuiya yenye nyumba 14 ikimshika mzee mmoja kwa zamu, kila nyumba itapika sahani moja zaidi mara moja tu katika majuma mawili. Kwa mwaka mzima ni mara 26 au 27. Lakini mzee yule atakuwa amekula siku zote 365. Haba na haba hujaza kibaba, walakini haba hizo sharti zipangwe, zisije zote siku moja.

Wengine watasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Methali hii ni njema, nasi hatuipingi. Aliye na nguvu apewe jembe, tena apewe na shamba la kulimia, kwani jembe bila shamba ni mzigo tu. Lakini mzee aliyepofuka hapewi jembe, wala mama mwenye mtoto wa juma moja. Mwenye busara humtazama mtu kwanza, ndipo achague methali.

Basi, kwa nyumba na jumuiya zitakazo kuanza kazi hii, twashauri hivi.

Kwanza, zamu iandikwe, isomwe mbele ya wote, na kila mmoja ajue siku yake. Akiugua au akisafiri, atafute wa kushika nafasi yake mapema.

Pili, waende wawili wawili. Wawili hutiana moyo, na tena huzuia maneno mabaya.

Tatu, mwulizeni mwenye shida kabla ya kumpa. Twaweza kumletea nguo ya tatu mtu anayetaka dawa tu. Wala asisimamishwe mbele ya watu apigwe picha akipokea. Njaa huondoka kwa kula, bali aibu hukaa.

Nne, nyumba ya mjane ijengwe kwa msaragambo, mmoja alete miti, mwingine makuti au bati, vijana wakande udongo. Walakini kabla ya kuchimba shimo la kwanza, kiwanja kijulikane ni cha nani, na wazee pamoja na mwenyekiti wa mtaa au kijiji washuhudie kwa maandishi. Tukiacha hilo tutajenga nyumba nzuri, na mwaka ujao shemeji zake watamtoa ndani.

Tano, mtoto alalaye nje asichukuliwe kimya kimya, hata kwa nia njema. Mpeni chakula, kisha mpelekeeni habari kiongozi wa mtaa na afisa ustawi wa jamii, ili ndugu zake watafutwe na yeye awe salama.

Nanyi walimu, mnayo macho ambayo sisi hatuna. Ninyi mwaona mtoto anayesinzia saa tatu asubuhi kwa kuwa hakula, na yule ambaye daftari zake zimelowa kwa kuwa hana paa. Mwambieni mwenye kushika zamu, kwa siri. Tena wafundisheni watoto wa nyumba zenye chakula wachukue sahani pamoja na mama zao, wapige hodi, waamkie "Shikamoo", wangoje waitikiwe. Mtoto aliyemwamkia mzee wa barazani kwa jina lake hatamtupia jiwe.

Twakumbuka pia yule Msamaria katika Injili. Watu humsifu kwa mafuta na divai alivyomtia majeruhi, na ni haki. Lakini yeye aliacha dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kupita tena na kulipa kitakachozidi. Huruma yake ilikuwa na siku ya pili.

Basi, wapenzi, Jumapili ijayo, baada ya ibada, msitawanyike upesi. Kaeni kidogo chini ya mti, wazee, mama na vijana, mtaje majina ya jirani zenu wasio na makao, mmoja mmoja. Kisha mwulizane: Jumatatu ni zamu ya nani? Na Jumanne? Na yule aliye peke yake kabisa, ni nani atakayemaliza kwake, akae naye hata jua lichwe?

Mungu azibariki nyumba zenu na sufuria zenu.