Tusimdai Mwalimu Kile Asichopewa

Tangu mwaka 2005 mitaala ya shule za Tanzania imekuwa ikimtaka mwalimu aache kuwa msemaji pekee darasani. Inamtaka amweke mwanafunzi mbele: mwanafunzi aulize, atafute, ajadili na kujaribu, naye mwalimu awe mwongozaji wa kazi hiyo. Mitaala mipya, iliyoanza kutumika kwa hatua mwezi Januari 2024, imelikazia tena jambo hilo. Sisi hatuna ugomvi na nia hiyo. Ni nia njema, na imekawia. Hata hivyo, ndugu msomaji, ukipita leo nyuma ya madarasa mengi ya vijijini utasikia sauti ile ile tuliyoizoea tulipokuwa watoto: mwalimu asema, darasa zima laitikia. Wapo wanaokata shauri upesi kwamba walimu ni wavivu, au kwamba mazoea yamewafunga. Sisi twaona vingine. Mwalimu ametakiwa kutoa kitu ambacho yeye mwenyewe hajapewa, na hilo ni suala la haki kabla ya kuwa suala la mbinu za kufundishia.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akailaumu elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kuyapa maarifa ya vitabuni na mitihani uzito kupita kiasi. Mbrazili Paulo Freire, ambaye maandishi yake yamewaongoza wengi katika kazi ya haki na amani, aliieleza elimu ya namna hiyo kwa mfano wa benki: mwalimu ndiye mwenye fedha, anaziweka, na mwanafunzi ni sanduku linalopokea na kunyamaza. Mtoto aliyefundishwa miaka saba kunyamaza na kuitikia hatasimama ghafla akiwa mtu mzima kumwuliza mtendaji wa kijiji mapato na matumizi. Ndiyo maana jambo hili latuhusu.

Tuchukue mfano wa somo moja, ili tusibaki hewani. Mwalimu wa hisabati wa darasa la sita anataka kufundisha vipimo na uzito. Njia ya zamani ni kuandika ubaoni kwamba kilo moja ni gramu elfu moja, kisha kutoa maswali kumi. Njia nyingine ni kuwaambia watoto siku ya Ijumaa: nendeni nyumbani, ulizeni gunia la mahindi huingia debe ngapi, na mnunuzi aliyekuja msimu uliopita alijaza debe ngapi. Jumatatu watoto warudi na majibu yao. Wengine watasema sita, wengine saba, wengine nane, kwa kuwa wanunuzi huja na lumbesa. Sasa darasa lina kazi ya kweli mbele yake. Tuseme debe moja ni shilingi 12,000, na mkulima amelipwa bei ya debe sita ilhali gunia limebeba nane. Amepoteza shilingi 24,000 kwa gunia moja. Kwa magunia kumi ni 240,000. Mtoto anapiga hesabu hiyo kwa mahindi ya baba yake mwenyewe. Atauliza kwa nini lumbesa imekatazwa na bado ipo, na nani anayepaswa kuizuia. Atataka kujua jinsi mizani inavyofanya kazi. Mwalimu hahitaji kumbembeleza asikilize.

Tazameni pia kwamba somo hilo limefanyika sehemu darasani na sehemu nje yake. Hicho ndicho kiini cha kile ambacho wataalamu huita ujifunzaji mseto: sehemu ya kazi mwanafunzi anaifanya pamoja na mwalimu, na sehemu anaifanya mwenyewe kwa msaada wa kitabu, redio, simu au kompyuta. Wengi wakilisikia neno hilo hufikiri vioo na umeme tu, wakakata tamaa kabla ya kuanza. Lakini nchi yetu ilikwisha kufanya ujifunzaji mseto kabla ya kompyuta kufika vijijini. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977, walimu hawakutosha kabisa. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundisha huku wakijifunza: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, msaada wa ana kwa ana katika kata, na hatimaye muda wa kukaa chuoni. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo. Baadaye jina la “mwalimu wa UPE” liligeuzwa kuwa dhihaka, jambo ambalo halikuwa haki, maana wengi waliokuwa wakicheka walifundishwa kusoma na walimu hao hao. Upungufu ulikuwapo, tena mkubwa. Lakini mpango ule ulitambua ukweli mmoja ambao siku hizi twausahau, kwamba mwalimu hujifunza ualimu akiwa kazini, polepole, akiwa na mtu karibu wa kumwuliza.

Semina za siku tatu

Nasi tumepata kuhudhuria semina za kuwajulisha walimu “mbinu shirikishi”. Walimu themanini waliketi ukumbini kwa safu. Mwezeshaji alisimama mbele, akasoma maandishi yaliyomulikwa ukutani kuanzia asubuhi hadi saa nane, akieleza kwamba mwalimu bora hazungumzi muda wote. Hakuna aliyecheka. Mwishoni walitia sahihi, wakapokea posho ya nauli, wakarudi makwao. Siku ya Jumatatu walifundisha kama walivyofundishwa, maana binadamu hufundisha hivyo: hafuati alichoambiwa, hufuata alichotendewa. Mwalimu aliyehubiriwa atahubiri.

Basi ikiwa twataka mtoto aongoze kujifunza kwake, yatupasa kuanza kwa kumwacha mwalimu aongoze kujifunza kwake mwenyewe. Mafundisho jamii ya Kanisa yana kanuni iitwayo kanuni ya auni: jambo linaloweza kufanywa vema na walio karibu nalo lisinyang'anywe na walio juu, bali walio juu wawape nguvu walio chini. Mintarafu shule, hivi ni kusema kwamba walimu wa shule moja, wakikaa pamoja saa moja kila juma, wakapanga kipindi kimoja, mmoja wao akakifundisha na wenzake wakaketi nyuma kutazama, kisha wakazungumza kwa upole yaliyofaa na yaliyoshindikana, watasonga mbele kuliko kwa semina kumi za mjini.

Serikali yenyewe imelitambua jambo hili. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi MEWAKA, ambao umeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, unataka walimu wakutane katika shule zao na katika vituo vya walimu, na pia wajisomee kwa moduli zilizowekwa mtandaoni. Huo ni ujifunzaji mseto kwa walimu wenyewe, na twausifu. Shida ni saa yenyewe. Mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa juma, madaftari mia ya kusahihisha na zamu ya kusimamia usafi na uji, ataipata wapi? Tusipoiweka saa hiyo katika ratiba ya shule, ikiandikwa na kuheshimiwa kama kipindi cha hisabati, tutakuwa tumeongeza mzigo juu ya mzigo na kuuita maendeleo.

Kuna na hofu, na hofu haiondolewi kwa waraka. Mwalimu anaogopa kelele, kwa sababu mwalimu mkuu akipita na kusikia watoto themanini wakijadiliana atadhani darasa limemshinda. Anaogopa swali ambalo hana jibu lake. Amelelewa akiamini kwamba mwalimu asiyejua ni aibu. Anaogopa kutomaliza mada kabla ya mtihani. Hofu hii ya mwisho ina msingi. Kwa miaka mingi shule zilipangwa hadharani kwa matokeo, na walimu wa shule za mwisho wakafokewa mbele ya watu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora, na tuliona hiyo kuwa hatua ya busara. Lakini hatua hiyo haitafika mbali ikiwa katika wilaya na kata bado kikao cha tathmini kinaanza kwa asilimia za ufaulu na kwisha kwa vitisho. Mwalimu anayetishwa hatajaribu jambo jipya. Atarudi kwenye chaki na kuitikia, kwa kuwa huko hakuna wa kumlaumu.

Juu ya wingi wa wanafunzi hatutasema mengi, kwa kuwa kila mzazi anaujua. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na tangu ada na michango ya lazima iondolewe, Januari 2016, madarasa ya wanafunzi mia na zaidi yameonekana mahali pengi. Walimu hutuambia kwamba mbinu shirikishi haiwezekani katika umati huo. Twawaelewa, ila hatukubali moja kwa moja. Makundi ya watoto wanane yanayosogeza madawati huku na huko hayawezekani, ni kweli. Lakini watoto wawili walioketi dawati moja wanaweza kugeukiana, wakaulizana kwa dakika tatu, kisha mmoja akasimama kueleza jibu la mwenzake. Hilo halihitaji chumba kipya wala fedha. Tena si lazima kipindi kila kipindi kigeuzwe. Mwalimu aanze na kimoja kwa juma, akizoea aongeze.

Lugha ni kizuizi kigumu zaidi, na ajabu ni kwamba hutajwa mara chache katika semina hizo. Mtoto aliyejadili lumbesa kwa Kiswahili fasaha akiwa shule ya msingi anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo yake karibu yote kwa Kiingereza. Ananyamaza. Hana maneno ya kuuliza, na anayeogopa kuchekwa hajadili chochote. Twawasihi walimu wa sekondari wawaruhusu vijana wafikiri na kujadili kwanza kwa lugha waijuayo, kisha wasaidiwe kuandika kwa lugha ya mtihani. Wengi hufanya hivyo kwa siri, kana kwamba ni kosa. Wafanye wazi.

Vishikwambi na wasio navyo

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na ulikuwa uamuzi wa maana. Hata hivyo kifaa bila umeme wa kukichaji ni kibao cheusi, na kifaa bila kifurushi cha intaneti hakifungui moduli yoyote. Tumekutana na walimu wanaonunua kifurushi kwa mshahara wao, ule ule unaolipa kodi ya chumba na ada ya watoto. Kumtaka mtu agharamie zana ya kazi ya umma kutoka mfukoni mwake, mwezi baada ya mwezi, si kujitolea, ni kumtoza.

Kwa upande wa wanafunzi tuwe waangalifu zaidi. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, vipindi vilirushwa redioni na kwenye televisheni. Mtoto mwenye televisheni sebuleni na mzazi aliyesoma aliendelea na masomo. Mtoto wa mchunga ng'ombe alichunga. Kwa kuwa shule nyingi haziwaruhusu wanafunzi kuja na simu, na kaya nyingi hazina simu ya kuvinjari mtandao, kazi ya nyumbani inayotegemea simu itampa aliye nacho na kumnyima asiye nacho. Kwa hiyo twashauri mseto uanze na vitu ambavyo mtoto maskini kuliko wote darasani anavipata: karatasi moja ya maswali, babu wa kumwuliza, soko, shamba, redio ya jirani. Kishikwambi cha mwalimu kitumike kumwandaa mwalimu, na mara mojamoja kuonyesha darasani kile ambacho ubao hauwezi, kwa mfano jinsi moyo unavyosukuma damu.

Parokia nazo zina la kufanya. Kumbi zetu hukaa tupu siku za juma, na nyingi zina umeme wa jua. Walimu wa shule za jirani, wa dini yoyote na wasio na dini, wakaribishwe kukutana humo na kuchaji vifaa vyao bila malipo. Parokia inayoshindwa hata hilo isipande mimbarini kulaumu kushuka kwa elimu.

Na wazazi walio katika kamati za shule wasingoje mwaliko. Katika kikao kijacho, kabla ya kuuliza shule imekuwa ya ngapi, waombe kuiona ratiba ya juma. Waulize ni saa ipi walimu wanakaa pamoja kupanga masomo, nani anashika vipindi vyao wakati huo, na kifurushi cha vishikwambi kinalipwa na fungu lipi. Majibu yaandikwe katika muhtasari, na nakala ipelekwe kwa afisa elimu kata.