Likizo ya Jamaa: Theluji ya Maluti

Itajwapo likizo ya kuteleza juu ya theluji, wengi hufikiria Uswisi. Wachache hujua ya kuwa hata Lesotho, katika milima ya Maluti, mna kituo cha mchezo huo, Afriski, kilicho zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Msimu wake ni Juni hadi Agosti. Theluji isipotosha, hutengenezwa kwa mashine. Mteremko wake mkuu ni yapata kilomita moja tu: bingwa atauchoka upesi, bali mtoto anayejifunza hahitaji zaidi. Mzazi mwenye busara na akumbuke baridi kali na barafu barabarani. Nguo za sufu zinunuliwe kabla ya tikiti. Akiba ya jamaa isiteketee kwa kufuata sifa za mlima.