Ardhi ya Meru ilirudi, fungu la mjane je?

Leo mishono tunaiweka pembeni, tuzungumze ardhi.

Sisi wa visiwani tunaoshona Arusha tunasikia mengi kwenye cherehani. Wateja wa Usa River na Ngarenanyuki wakileta vitenge, hadithi za 1951 hazikosi: Mwingereza aliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa, ili walowezi wapate pa kufugia. Wameru wakachangishana, na 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kudai haki. Ardhi hakurudishiwa siku ile, lakini kesi iliwaamsha watu. Uhuru ukaja Desemba 1961, na leo Ngarenanyuki ni mashamba ya nyanya ya Wameru wenyewe.

Wenyewe kina nani? Mwaka 1963, uhuru ungali mchanga, serikali yetu iliandika mila za ukoo wa baba kuwa kanuni: mjane hana fungu akiwapo ndugu wa ukoo wa marehemu, atatunzwa na watoto. Mkoloni kaondoka, mjane kabaki mpangaji kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe.

Mteja wetu mmoja alitushonesha gauni jeusi la msiba. Alipokuja kulichukua, mashemeji walikwisha pima shamba la kahawa. Alilipa nusu, nusu tukamsamehe.

Kwetu mjane na binti wana mafungu yanayojulikana, kadhi huyataja waziwazi. (Tusijisifu sana, wapo makaka wanaokalia nyumba za urithi miaka na hawagawi.)

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Lakini kanuni za mirathi zikabaki pale pale, hadi wajane wawili Watanzania wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na 2015 kamati ikawapa haki. Umoja wa Mataifa uleule aliouendea Kirilo, safari hii inayolalamikiwa ni serikali yetu wenyewe! Kwa maoni yetu kanuni zile zifutwe, zisibaki hata mstari.

Na nyinyi dada zetu mlioolewa huko mlimani, hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili. Mwambieni mume angali hai, mwende wote ofisi ya kijiji.